Shangazi, ni majani ya tumbaku niliyobeba nikiwa na mimba ndio yameharibu kichwa cha mwanangu?

BARUA

Shangazi salaam. Nasoma safu yako siku nyingi ila sijawahi kuandika, leo nimeona niandike tu maana usingizi umenikimbia. Kiswahili changu nilikitoa barracks, baba alikuwa mwanajeshi, sasa nimeolewa huku Maracha, Uganda, na kazi yetu ni tumbaku. Nina watoto wanne. Mkubwa ni Ayubu ana miaka 16 yuko Senior Two, wa mwisho ni msichana ana miezi 8 bado ananyonya.

Jambo lenyewe ni hili. Wiki mbili zimepita niliitwa shule, nikajua ni ada kwa sababu bado tunadaiwa, kumbe mwalimu akanikalisha, akafungua droo akatoa kapakti kadogo kamekunjwakunjwa, ndani kuna kitu cha kahawia kama majani ya chai yaliyolowa. Akasema mama hii ni kuber, tumbaku ya kuweka mdomoni, mtoto wako anaiweka chini ya mdomo akiwa darasani, tumemkuta nayo mara tatu sasa. Ayubu akaitwa. Nikamwambia fungua mdomo. Shangazi, ufizi wa chini mbele umekuwa mweupe, umejikunja kama ngozi ya vidole ukishinda unafua nguo. Nililia palepale.

Nyumbani baba yake alimchapa sana. Mtoto akasema alianza Primary Seven, na akikaa siku moja bila hiyo kitu kichwa kinamuuma na anakuwa mkali mpaka dada zake wanamkimbia. Na masomo yamemshinda. Huyu mtoto tangu mdogo hatulii, anaanza kitu hamalizi, ukimtuma vitu vitatu dukani anarudi na kimoja na hajui kwa nini. Wadogo zake hawako hivyo. Niseme pia akiwa na miaka 3 alishikwa na malaria kali, degedege, hakujitambua siku mbili, tulilazwa muda mrefu.

Sasa kinachoninyima usingizi. Juzi dada mmoja wa VHT, wale wahudumu wa afya wa kijiji, alikuja kuongea na sisi wamama, akasema tumbaku hata kama huvuti inapita kwenye ngozi, na kama una mimba inafika kwa mtoto mpaka kwenye ubongo. Hapo nikakumbuka mimba ya Ayubu. Ilikuwa msimu wa kuvuna. Tulikuwa tunatoka alfajiri umande haujakauka, unachuma majani unayabeba begani, maji yanashuka mgongoni mpaka gauni linakugandia, mikono inakuwa nyeusi ile gundi yake haitoki hata kwa sabuni, ukila muhogo unakuwa mchungu kwa sababu ya vidole vyako mwenyewe. Nilikuwa natapika kila siku, kizunguzungu, nalala chini ya mwembe wenzangu wanaendelea. Mama mkwe akasema mimba ya kwanza ndio ilivyo. Nikakubali. Lakini Shangazi, Jumapili hatuendi shamba, na Jumapili sikuwa natapika. Hiyo nimekuja kuikumbuka leo baada ya miaka 16.

Na mpaka sasa majani yakikauka tunayaweka chumbani tunapolala kwa sababu ghala liliangushwa na mvua na tunaogopa wezi. Mume wangu anavuta, usiku anafunga dirisha sababu ya mbu. Shemeji yangu wa Kampala anasema atamtumia Ayubu ile sigara ya umeme, eti ni mvuke tu, itamtoa kwenye kuber bila madhara.

Niambie ukweli. Ni mimi nimemharibu? Inaweza kurudi? Na huyu mdogo?

Mama Ayubu, Maracha (majina tumebadilisha)

JIBU LA SHANGAZI

Mama Ayubu mwanangu, nianze na hiyo Jumapili yako maana umeona kitu ambacho watu wengi wa tumbaku hawakioni maisha yao yote. Kutapika kwako inawezekana mimba ilikuwemo, lakini mimba haijui Jumapili. Ile ni sumu ya majani mabichi. Nikotini iko kwenye jani lenyewe, na inayeyuka kwenye maji, kwa hiyo jani likiwa na umande au mvua au hata jasho lako, nikotini inatoka kwenye jani inaingia kwenye maji, maji yanakaa kwenye ngozi, ngozi inakunywa. Gauni lililolowa ndio baya zaidi kwa sababu linakaa mwilini saa nzima nzima. Kichefuchefu, kutapika, kichwa, kizunguzungu, udhaifu wa mwili, hizo ndizo dalili zake, na zinawapata wavunaji popote tumbaku inapolimwa. Huyo dada wa VHT hakukudanganya, mshukuru.

Na kwa mtoto tumboni pia amesema kweli, nikotini inapita kondo la nyuma bila shida yoyote, na kwa mtoto inaweza kuwa nyingi kuliko iliyo kwenye damu ya mama. Nikueleze inachofanya huko. Mwili wetu una kemikali yake inaitwa asetilikolini, na wakati ubongo wa mtoto unajengwa hiyo ndiyo kama mtu wa kengele shuleni, inaziambia seli sasa gawanyikeni, sasa acheni, sasa nendeni mkae pale mshikane na wenzenu. Nikotini inafanana nayo kiasi kwamba seli haziwezi kutofautisha. Ni kama mtu mgeni ameingia shule akapiga kengele saa tatu asubuhi, watoto wanatoka darasani somo halijaisha, na hakuna mwalimu atakayewarudisha. Hakuna kidonda, hakuna kitu utaona mtoto akizaliwa, kasoro iko kwenye mpangilio. Ndio maana madhara yake yanatafutwa miaka mingi baadaye, kwenye umakini, kwenye kujizuia, kwenye wepesi wa kunasa ulevi.

Na usifikiri ni moshi tu. Kule Sweden kuna wanawake wanaotumia tumbaku ya kuweka mdomoni inaitwa snus, haina moshi hata kidogo, lakini walipofuatilia wajawazito wanaoitumia wakakuta kuzaa kabla ya siku na kuzaa mtoto aliyekufa kunatokea zaidi kwao kuliko kwa wasiotumia. Kwa hiyo anayekuambia tumbaku bila moshi haina neno usimsikilize.

Sasa swali lako la kwanza, ni mimi nimemharibu. Mwanangu, nakujibu kama ningemjibu binti niliyemzaa. Hakuna daktari duniani anayeweza kumtazama Ayubu akasema hili limetokana na majani ya mwaka ule. Ni kweli watoto wa mama waliovuta wakiwa na mimba wanaonekana kuwa na shida ya kutotulia na kukosa umakini zaidi ya wengine. Lakini hukohuko Sweden walipolinganisha watoto wa mama mmoja, huyu mama alivuta akiwa na mimba yake na huyu hakuvuta, tofauti kubwa ile ikapungua sana, maana yake mengine yalikuwa ya ukoo na maisha ya nyumbani yenyewe. Na hizo ni tafiti za wavutaji, sio za mama aliyebeba majani msimu mmoja.

Halafu kuna kitu umekiandika kwa mstari mmoja tu ukakipita, mimi nimesimama hapo. Malaria ya miaka 3, degedege, siku mbili hajitambui. Hiyo ni malaria iliyopanda kichwani. Hospitali ya Mulago kule Kampala watafiti waliwafuata watoto waliougua hivyo, na miaka miwili baadaye karibu mmoja kati ya wanne alikuwa na shida kwenye kufikiri, kukumbuka au umakini, wakati watoto wa majirani ambao hawakuugua walikuwa wachache zaidi. Miaka miwili baadaye, mtoto anacheza, anakula, kila mtu anasema amepona. Kwa hiyo kabla hujabeba mzigo wote wa Ayubu mgongoni kama ulivyobeba yale majani, jua kwamba kichwa chake kimepitia mambo zaidi ya moja, na moja lilikuwa mbu. Daktari anatakiwa aambiwe hilo la malaria, nakwambia usisahau, wengi wanaliacha nyumbani.

Na hata kama majani yalichangia, wewe ulikuwa msichana wa mimba ya kwanza, mama mkwe amekuambia ndio kawaida, hakuna aliyekupa glavu, hakuna aliyekuambia subiri umande ukauke. Nakataa kabisa uite hiyo kosa lako.

Sasa tuje kwenye kuber, maana hapo ndipo moto unawaka leo. Ubongo wa binadamu haumaliziki siku anayobalehe, unajengwa mpaka karibu miaka 25, na sehemu inayomaliziwa mwisho kabisa ni hii ya mbele nyuma ya paji la uso, ile ya kutulia, kupanga, kujizuia, kukumbuka vitu vitatu vya dukani. Ayubu alianza Primary Seven. Yaani ameweka nikotini kwenye nyumba ambayo paa halijaezekwa. Kuber ikikaa kwenye ufizi nikotini inaingia kwenye damu pole pole na inaendelea kuingia muda wote iko pale, ubongo unaanza kuongeza vipokeo vyake, zile sehemu za seli zinazoipokea nikotini, na vipokeo vikishaongezeka vinadai. Mwaka 2011 watafiti wa Amsterdam walichapisha kazi yao juu ya panya, waliwapa nikotini wakiwa kwenye umri wa ujana tu halafu wakaacha kuwapa, panya walipokuwa wakubwa umakini wao bado ulikuwa na kasoro na ile sehemu ya mbele ya ubongo ilikuwa imebadilika. Wale waliopewa wakiwa wameshakomaa hawakupata hivyo. Panya si mtu, najua, lakini umri ule ule ndio mtoto wako aliopo na ndio maana nakwambia kila mwezi anaoacha mapema una thamani.

Na hapa kuna mtego ambao kijana mwenyewe hauoni. Atakuambia mama hii kitu inanisaidia kutulia darasani. Hakudanganyi, ndivyo anavyosikia. Ila kinachomsumbua ile asubuhi ni ukosefu wa nikotini, na nikotini ikija inatuliza fujo iliyoileta yenyewe. Huo ukali unaowakimbiza dada zake si tabia mbaya mama, ni mwili unadai. Ukilijua hilo hata namna ya kumtazama inabadilika.

Kwa hiyo kumchapa kumalizike. Mwambie mume wako Shangazi amesema, kama anataka amjibu Shangazi. Fimbo inamfundisha kuficha tu, ataihamisha kuber kutoka mdomoni nyumbani kwenda mdomoni njiani. Kaa naye saa ambayo hana hasira, muulize anaweka mara ngapi kwa siku, ya kwanza anaiweka saa ngapi, kama ni kabla hata hajanawa uso basi imemshika sana. Chagueni pamoja siku ya kuacha, iwe likizo, isiwe wiki ya mitihani. Siku 2 au 3 za kwanza ndio mbaya kuliko zote, atakuwa na hasira, kichwa, njaa, hatalala vizuri, hatakaa kwenye kitabu hata dakika kumi. Usimdai masomo siku hizo. Mpe kazi za mikono, mpe maji, mpe muwa au karanga mdomo uwe na kazi. Baada ya hapo inapungua, wiki 2 mpaka 4 mwili unatulia, na vile vipokeo vilivyoongezeka vinapungua wiki kwa wiki. Akianguka akarudia, mnaanza upya, wengi wanaanguka kabla hawajaweza.

Umeuliza inaweza kurudi. Sehemu kubwa ya kinachosumbua leo, hasira, kichwa, kutosikia darasani kwa sababu akili iko kwenye pakti, hiyo inaisha akiacha. Ile kutotulia ya tangu mdogo huenda ikabaki kiasi, lakini ubongo ambao bado unajengwa ni ubongo ambao bado unajifunza. Mtume kwa kitu kimoja kimoja. Mwalimu amkalishe mbele. Na huyo mwalimu, mwanangu, amekuita badala ya kumfukuza mtoto, shikamana naye.

Mpeleke hospitali ya rufaa ya Arua, uliza kitengo cha afya ya akili, usiogope hilo jina, ndio watu wanaojua mambo ya uraibu. Waonyeshe na huo ufizi mweupe. Doa la namna hiyo mara nyingi linapungua tumbaku ikiachwa lakini mengine yanaweza kugeuka saratani, kwa hiyo litazamwe na mtu wa meno na litazamwe tena baadaye, hiyo usiiahirishe kwa sababu haimuumi.

Shemeji wa Kampala mwambie asante, asitume. Sigara ya umeme nyingi zina nikotini ile ile, kichwa cha miaka 16 hakijui imekuja na mvuke au imekuja na pakti. Tena sheria yetu ya tumbaku ya 2015, iliyoanza kufanya kazi Mei 2016, imepiga marufuku sigara za umeme, shisha, na hizi tumbaku za kuweka mdomoni, na sigara za kawaida hakuna ruhusa kumuuzia mtu chini ya miaka 21. Yaani hicho kibanda karibu na shule kinachowauzia watoto kinavunja sheria. Wazazi mkienda watano sita kwa mwenyekiti wa kijiji (LC1) na mwalimu akiwepo, nimeona vibanda vikifungwa kwa namna hiyo. Mzazi mmoja peke yake anachekwa.

Sasa huyu wa miezi 8, na hapa nataka mume wako asome mwenyewe au umsomee. Moshi kwenye chumba kilichofungwa hauendi popote, nikotini yake inakaa kwenye ukuta, kwenye blanketi, kwenye shati lake, na mtoto wa miezi 8 anatambaa, anashika, anaweka mkono mdomoni. Avute nje, mbali na mlango, na akirudi avue lile shati kabla hajambeba. Mbu sijasahau, hasa nyumba ambayo malaria ilishataka kuchukua mtoto. Neti juu ya kitanda, kisha dirisha liachwe wazi.

Majani yatoke chumbani. Najua ghala limeanguka na najua pesa ya ada ya Ayubu iko kwenye hayo majani, sikuambii uyatupe. Lakini hayo majani mnayolala nayo chumbani yana vumbi, na vumbi lake lina nikotini. Kama hakuna pengine basi yakae kile chumba kingine na watoto wote walale upande wenu mpaka msimu uishe, bora kubanana.

Kunyonyesha usiache, nasikia wengine watakushauri uache, hapana. Nikotini inapita kwenye maziwa ni kweli, lakini kinga ya maziwa yako mtoto anaihitaji sana. Kinachotakiwa ni nikotini isiingie kwako. Usiguse majani mabichi yakiwa yamelowa, subiri jua lipande, vaa mikono mirefu, funga karatasi ya nailoni begani na mgongoni kabla ya kubeba, glavu kama zinapatikana, na gauni likilowa badilisha hapohapo shambani, usisubiri jioni. Ukirudi oga kwa sabuni, badilisha nguo ndio umshike mtoto. Hawa wawili wa katikati pia watolewe kwenye kuchuma, mwili mdogo sumu ile ile inakuwa nyingi zaidi. Na kijijini kwenu lazima kuna msichana ana mimba saa hizi na anatapika chini ya mwembe, mwenzake anamwambia ndio kawaida. Mwambie habari ya Jumapili yako.

Kesho jua likitoka fua blanketi la mtoto. Likizo ikianza na Ayubu akianza kuhesabu siku zake, niandikie siku ya nne uniambie amelala vipi.

Shangazi